Nilikwenda Badala Yake

Kipangu chetu chote kilijua kabla yangu. Kipangu ni ua wa vyumba vya kupanga, milango inatazamana, bomba la maji ni moja, na mtu akikaanga kitunguu upande wa juu, watu wa upande wa chini wanajua leo kuna nyama au hakuna. Mimi peke yangu ndiye sijui. Pua yangu ilikufa zamani. Ninapiga vanishi kwenye karakana za mbao za Gisozi, na tina ya kuchanganyia vanishi imeniondolea harufu kidogo kidogo, hadi siku moja maharage yakaungua sufuria ikawa nyeusi nami nimekaa palepale kando ya jiko nachambua mchele. Mafundi wengi wa vanishi wako hivyo. Tunataniana kwamba sisi ndio wapangaji wazuri wa chumba kilicho karibu na choo.

Kwa hiyo aliyeniambia ni mama mwenye nyumba. Alinikuta bombani jioni, akasubiri majirani waondoke na ndoo zao, kisha akasogea.

“Mwanangu, huyu mdogo wako iko nanuka kole kila jioni. Wewe hausikii?”

Mama huyu alikulia Bujumbura na Kiswahili chake anakipika mwenyewe, lakini maneno yake huwa hayapotei njia. Tena ni mshauri wa afya wa mtaa wetu, mmoja wa wale wanaochaguliwa na wakazi kupima watoto homa na kuwasukuma wajawazito waende kliniki. Nilimjibu kwamba mafundi wote wa masofa wananuka kole. Kole ni ile gundi ya manjano ya kubandikia sponji kwenye mbao, na mdogo wangu wa kiume alikuwa akifanya kazi kwa fundi wa masofa chini kidogo ya benchi langu. Mama akatikisa kichwa. Wengine, alisema, inanuka mikononi. Huyu inatoka mdomoni akikusalimia.

Ndipo nikaanza kumtazama. Ninasema kumtazama, kwa sababu nilikuwa nimeacha. Mtu uliyemlea unamwona kila siku bila kumtazama. Niliona ngozi ya kuzunguka mdomo wake imekauka na kuwa nyekundu, kama ya mtoto anayelamba midomo wakati wa kiangazi. Niliona anatia chumvi kwenye mboga, anaweka kijiko chini, anakaa kidogo, anatia chumvi tena. Nikashangaa ni tangu lini. Nikashangaa zaidi kwamba kulikuwa na jambo juu yake ambalo bomba la maji linalijua na mimi silijui.

Mimi ndiye mkubwa wetu. Baba alifariki tukiwa bado Tanzania, upande wa Kagera alikokulia, na mama alimfuata muda mfupi baada ya sisi kurudi Rwanda. Nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi tena darasani. Kulikuwa na mdogo wangu wa kike wa kusomesha, na wa mwisho alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nyumbani tuliendelea na Kiswahili, kwa kuwa ndicho mama alichotubembelezea. Kinyarwanda kikawa cha barabarani na kazini, Kiswahili kikabaki cha ndani, cha kugombana na kupatana. Huyu wa mwisho alijifunza kutembea akishika sketi yangu. Sasa alikuwa kijana mwenye ndevu chache na vidole vyenye ukoko wa gundi.

Nilimuuliza tukila. Kwanza alikataa, halafu akaacha kukataa, akasema pale kila mtu anaivuta kidogo, hewa yenyewe ni kole, na siku nyingine anaongeza bangi ili alale. Nikasema kesho tunakwenda kituo cha afya. Akasema yeye si mgonjwa, mgonjwa ni yule aliyelala. Nikasema basi utakwenda ukiwa umesimama. Jumapili mdogo wetu wa kike alikuja kutoka Masoro, anakoshona nguo kiwandani, na yeye hana subira yangu. Alimwambia waziwazi kwamba kuna mahali watu kama yeye hukaa mpaka wapone, na asipokwenda kwa miguu yake atazungumza na mkuu wa mtaa aje kumchukua.

Asubuhi godoro lake lilikuwa tupu.

Nilisikia kwa wenzake wa kazini kwamba yuko Nyabugogo, anabeba mizigo kwenye soko la jumla na kulala na vijana wengine kando ya mfereji. Nikawa nateremka huko alfajiri kabla ya kazi. Mabasi yananguruma, makuli wanapita na viazi mabegani wakipiga mluzi ili uwapishe, na mimi nimesimama katikati kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nilimwona mara moja tu. Alikuwa amebeba gunia la kabichi. Aliponiona aligeuka kidogo, gunia likawa kati ya uso wake na wangu, akaendelea kwenda.

Alirudi mwenyewe, amekonda, anakohoa. Hakusema alikotoka na mimi sikuuliza, nilimwekea maji ya kuoga. Lakini tangu siku hiyo nilijua ninachoogopa ni kitu gani. Kole niliiogopa, ndiyo, lakini kilichonikosesha utulivu ni kwamba akiondoka mara nyingine hatarudi. Nyabugogo kuna vijana ambao ukiuliza kwao ni wapi, wanatazama pembeni kama umewauliza kitu cha kwenye ramani. Sikutaka wangu awe mmoja wao. Na kila njia niliyoonyeshwa ya kumponya ilikuwa inaanza kwa kumsukuma kuelekea mlangoni.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa la kifamilia. Baba mdogo alipanda basi kutoka kijijini na dumu la pombe ya ndizi kati ya miguu yake, akaitisha kikao mchana chumbani kwetu, sisi watatu pamoja na mama mwenye nyumba kama shahidi. Kwetu mtoto aliyepotoka husimama mbele ya wakubwa, anakiri, anaahidi, na baada ya hapo wote hunywa kutoka chombo kimoja. Mkubwa hunywa kwanza, kisha humpa aliyeomba radhi. Asipokunywa, maana yake amekataa amani. Mdogo wangu alisimama, akasema ameacha kole, ameacha bangi, ameacha kila kinacholevya. Alisema vizuri, na sauti haikutetemeka. Baba mdogo akavuta pombe kwa mrija, akafuta mdomo, akamsogezea kibuyu.

Kijana akautazama mrija.

“Baba mdogo, nimeapa sasa hivi.”

“Umeapa kuacha madawa. Hii si dawa, hii ni amani.”

“Hailevyi?”

“Inalevya watu wabaya.”

Mdogo wetu wa kike akamwambia anywe, asimdharau mzee aliyetoka mbali. Mama mwenye nyumba alikuwa anaangalia dari kana kwamba kuna kitu kinavuja. Basi akanywa. Tukanywa wote. Kabla ya jua kupungua, baba mdogo alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, kofia imemwangukia mapajani, na sisi aliokuja kutupatanisha tumemzunguka.

Tulikwenda bombani kuosha vyombo, mimi na mdogo wangu. Akageuka akatazama mlango wa chumba chetu, akauliza polepole, “Dada, kwani hapa ni nani anayetakiwa kupelekwa kituoni?”

Nilicheka mpaka nikaweka vyombo chini. Naye akacheka. Meno yake sikuwa nimeyaona kwa miezi.

Ahadi ile haikukaa hata wiki. Lakini kile kicheko kilinibakia. Siku iliyofuata nilikuwa benchini napiga msasa kichwa cha kitanda, nikajikuta najiuliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza. Sote tulimuuliza ataacha lini. Hakuna aliyemuuliza ikoje. Mtu anakaa na kitu mwaka mzima, kinamkausha midomo, kinamtoa nyumbani, bado anakirudia. Lazima kuna kitu anakiona humo. Ni nini? Nilitaka kujua kweli, kama unavyotaka kujua nyumba ya jirani iliyofungwa madirisha ina nini ndani.

Kwa fundi wake Jumamosi mchana kazi huwa nyepesi, nikamwomba tajiri wangu aniruhusu nimchukue anisaidie msasa. Kichwa cha kitanda kinapigwa na watu wawili, mmoja kila upande, na macho yanakuwa kwenye mbao. Ukiinua macho unapoteza mstari wa nyuzi za mti na kuacha mikwaruzo ambayo vanishi itaionyesha mbele ya mteja. Kwa hiyo mnazungumza bila kutazamana. Nilimuuliza, “Ukiivuta, inakuwaje?”

Alifikiri namtegea. Alinijibu kwa kukohoa. Jumamosi iliyofuata, sijamuuliza tena, akasema mwenyewe, “Mashine zinaondoka.”

“Zinakwenda wapi?”

“Zinakuwa mbali. Ile randa ya umeme ya jirani, unajua inavyolia, inakuingia kwenye jino. Ukivuta, inalia kama iko kilima cha pili. Unaisikia lakini haikuhusu.”

Niliendelea kusugua. Nimefanya kazi miaka mingi kando ya mashine hizo na sikuwahi kufikiri zinamwingia mtu kwenye jino. Nikamuuliza kama bangi nayo ni hivyo. Akacheka, akasema bangi ni ya usingizi tu, na kwamba naongea kama mtu anayetaka kununua. Nikamwambia bado nauliza bei. Hapo ndipo alipoanza kuniita mteja.

Mama mwenye nyumba alikuwa akifuatilia bila kuonekana anafuatilia. Aliniambia kwamba kwenye kituo cha afya kuna muuguzi anayezungumza na watu wenye shida hizi, bila vitisho. Nilimweleza kijana, akasema asante, siendi. Nilisema hata mara moja? Akasema hata nusu. Nilipompelekea mama jibu hilo, hakuonekana kushangaa.

“Basi uende wewe,” alisema. “Wewe hauvute, lakini iko na shida yake nyumbani.”

Nilikwenda Ijumaa moja kabla ya kazi, nikapita foleni ya watoto wa chanjo hadi chumba kidogo cha mwisho. Muuguzi alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye Kiswahili cha upande wa Goma, kinachoteremka haraka. Aliuliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema amekataa kuja, na kwamba hata neno mgonjwa amelikataa. Nilikuwa nimeshika mkoba tayari kwa kuondoka.

“Sawa,” akasema. “Kaa wewe.”

Nilitegemea ataniuliza anavuta kiasi gani. Aliniuliza, “Akifika nyumbani amevuta, wewe unafanya nini?”

“Ninamwambia.”

“Unamwambia nini?”

“Kila kitu. Mama yetu, afya yake, majirani.”

“Naye anafanya nini?”

“Anajifunika, analala.”

“Basi wewe unaliambia blanketi.”

Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Alinieleza kwamba mtu akiwa amevuta, maneno hayana pa kukaa. Mpokee, mpe maji na chakula, akilala mlaze kwa ubavu, asilale chali. Akizimia au asipopumua vizuri usingoje, mlete. Maneno yaweke mpaka kichwa kiwe safi, na hata wakati huo yawe machache. Akaniuliza anafanya kazi gani. Nikasema anabandika sponji kwa kole. Alinitazama, na mimi nikasikia nilichokuwa nimesema. Kila jioni tulikuwa tunamwambia aiache kole, na kila asubuhi tulikuwa tunamwamsha akaishike.

Mwisho aliniuliza mdogo wangu anapenda nini. Nikasema wali. Akasema zaidi ya chakula. Nilifungua mdomo, nikatafuta. Mtoto niliyembeba mgongoni. Nikasema nitakwenda kuangalia.

Njiani kurudi niliamua sitamficha. Ningeficha, kipangu kingemwambia. Tulipokuwa kwenye msasa Jumamosi nilimwambia nimekwenda badala yake. Mkono wake ulisimama.

“Umesema nini juu yangu?”

Nikamsimulia yote, mpaka lile la blanketi. Alisikiliza huku amekunja uso, na jinsi nilivyoendelea ndivyo alivyozidi kukasirika, lakini hasira yake haikuwa niliyoitegemea. Hakujali kwamba nimekwenda. Alijali kwamba nimekosea.

“Umemwambia marafiki ndio walionifundisha?”

“Si ndio?”

“Nani kakwambia? Hakuna aliyenifundisha.”

Ilikuwa msimu wa mvua, akasema. Sponji ikilowa inaharibika, kwa hiyo mvua ikianza wanafunga mlango wa mabati na kuendelea kubandika ndani. Siku hiyo wenzake walikuwa wamekwenda kupeleka kochi, yeye alibaki peke yake, mlango umefungwa, makopo yako wazi. Alipotoka nje mvua ilipokatika, alijiona mwepesi kama mtu aliyeshushwa mzigo ambao hakujua ameubeba. Siku ya pili alifunga mlango na mvua haikuwepo.

“Hilo ndilo ungemwambia,” akasema. “Na umemwambia napenda wali? Dada, mtu mzima huyu, anaandika kwamba napenda wali?”

“Haandiki. Anasikiliza.”

“Basi atasikia vibaya.”

Ijumaa nyingine nilipeleka sahihisho. Muuguzi alisikiliza habari za mvua na mabati, akacheka pale pa wali, akasema nimwambie asante, amemwelewa vizuri zaidi sasa. Akaniagiza nimuulize swali moja: siku hizi mvua ikinyesha, mlango bado unafungwa? Nikalipeleka. Mdogo wangu akalibeza, kwamba daktari gani anauliza habari za mlango. Lakini siku chache baadaye nilimwona kutoka benchi langu amepanda juu ya kiti, yeye na fundi wake, wanafunga turubai mbele ya karakana ili mvua isiingie na mlango ukae wazi. Hakuniambia kitu. Nilipeleka hilo pia.

Ikawa hivyo. Nikawa mtu wa kubeba maneno, napanda nayo kituoni, nateremka nayo karakanani. Huyu anauliza, yule anajibu, yule anajibu na kuongeza dharau kidogo, mimi naiacha dharau njiani. Mdogo wangu akaanza kuniuliza yeye mwenyewe Alhamisi, bila kuinua macho, kama kesho nakwenda. Aliuliza huyo mtu ni mnene au mwembamba. Aliuliza kama ameoa. Siku moja aliniagiza nimwambie kwamba anachopenda ni kukata kitambaa; kuweka chaki, kukadiria kona ya kochi, kupitisha mkasi bila kurudi nyuma. Sikujua. Nilimwomba fundi wake amwache akate na kushona zaidi, abandike kidogo. Fundi alinung'unika, kwa sababu kijana alikuwa na mkono mwepesi kwenye sponji, lakini alijaribu.

Nisiseme mambo yalinyooka. Kulikuwa na jioni alizorudi macho mekundu, ananisalimia kwa ulimi mzito, nami namwekea maji na sahani, nafunga mdomo wangu. Kufunga mdomo ni kazi kuliko vanishi. Mdogo wetu wa kike alinipigia simu akaniambia ninailisha ile kole wali na maharage. Nilimjibu kwamba ninayemlisha ni mdogo wetu, kole haina tumbo. Hakuridhika, na mimi sina hakika ningeridhika kama ningekuwa yeye.

Halafu akaondoka tena. Hakukuwa na ugomvi. Jioni haikumleta tu, na ya pili haikumleta. Safari hii sikuteremka Nyabugogo. Nilitaka sana. Niliamka alfajiri nikavaa viatu, nikakaa navyo kitandani. Nilijiuliza akiniona tena pale kati ya mabasi, atageuza gunia upande gani. Nikavua viatu, nikaenda kazini, na siku nzima niliharibu kazi; tajiri alinifanya nikwangue meza yote nianze upya. Nilikuwa nahesabu vijana wa Nyabugogo kichwani na kila mmoja alikuwa na uso wa mdogo wangu.

Alirudi Jumapili mchana, nikiwa nje nafua. Alisimama kwenye lango la kipangu, akauliza kama kuna chakula. Nikasema kipo, kimefunikwa. Akaingia.

Nilimsimulia muuguzi, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Kila mtu atamuuliza kwa nini aliondoka. Wewe muulize kwa nini alirudi.”

Swali hilo nililibeba kwa uangalifu kuliko yote. Nilisubiri Jumamosi, nikasubiri mpaka tufike kwenye msasa laini wa mwisho, ambao hautoi sauti, ndipo nikamuuliza, na nikasema limetoka wapi. Alipuliza vumbi kwenye mbao, akapitisha kiganja, akapuliza tena. Nilidhani limekwenda njia ya maswali mengine, kwamba litajibiwa wiki ijayo.

“Hilo siwezi kukwambia wewe,” akasema.

“Kwa nini?”

“Utalia. Halafu utanipikia wali kila siku mpaka niuchukie.”

“Basi nimjibu nini yule mtu?”

“Usimjibu.” Alikunja karatasi ya msasa, akaikunja tena, ikawa ndogo. “Hilo nitamwambia mwenyewe. Lakini siendi kutibiwa. Nakwenda kujibu.”

Nilisema sawa, kwa sauti ya kawaida, na niliendelea kusugua mahali palepale mpaka nikaona nimechimba.

Tulipanda pamoja Ijumaa. Alikuwa amevaa shati safi na ametia mafuta midomoni. Kwenye foleni ya chanjo mtoto mmoja alimkamata kidole, naye akamwachia akishike mpaka mama yake alipoitwa. Mlangoni muuguzi alimtazama, akamwambia kwamba amemsikia sana, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimekwisha inua mguu kuingia. Mdogo wangu akasema, “Dada, wewe kaa.”

Nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango ule ni mbao laini, umepigwa rangi vibaya, na sauti zinapita lakini maneno hayapiti. Nilimsikia muuguzi kidogo, halafu nikamsikia mdogo wangu, muda mrefu, bila kukatizwa. Sikujua ana maneno mengi namna hiyo. Mara moja nilisikia kicheko, sikutambua cha nani. Mara moja kimya kilikuwa kirefu hadi nikasimama. Miezi yote ile nilikuwa nimebeba kila neno kati ya watu hawa wawili, na sasa neno lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa linapita upande wa pili wa ubao bila mimi.

Alipotoka macho yake yalikuwa na maji na uso umetulia. Tuliteremka kilima. Niliuma ulimi mpaka kwenye kona ya duka la vifaa vya baiskeli.

“Umenyamaza sana, mteja,” akasema.

“Najua kunyamaza.”

“Hujui.” Alitembea kidogo. “Amesema nirudi Ijumaa. Nitakwenda mwenyewe. Wewe kaa kazini, tajiri wako amechoka na habari zetu.”

Sikuuliza amejibu nini, na hakuniambia. Mpaka leo hajaniambia. Nimelifikiria jibu hilo kwa namna nyingi. Nikimwona amefurahi nadhani ni hili, nikimwona amerudi na macho mekundu, kwa sababu bado hutokea, nadhani ni lile. Huenda ni kitu kidogo sana. Huenda ni njaa tu.

Ijumaa ile nyingine nilikuwa benchini mapema, na nilimwona akitoka karakana ya masofa, kipande cha chaki kiko nyuma ya sikio, akashika njia ya kupanda. Hakutazama upande wangu. Nilikuwa na hamu ya kumfuata, nisimame tu nje ya dirisha, nisikie hata sentensi moja. Mguu ulikuwa umekwisha toka kwenye kivuli cha mabati. Mwenzangu wa benchi akaniuliza kama nimesahau kitu nyumbani. Nikasema hapana. Nikabadilisha karatasi ya msasa, nikarudi kwenye meza ya watu.